Mpima Mvua na Majirani wa Mbali

Kila siku saa tatu asubuhi, masika au kiangazi, mpima mvua wa mtaa wa Jorodom, Katesh, alitoka nyumbani kwake amevaa buti za mpira na koti la marehemu mumewe, akatembea hatua kumi na tisa hadi kwenye kopo lake, akanyanyua faneli na kuchungulia. Hata mwezi wa nane. Mwezi wa nane pale Katesh hakuna anayetegemea mvua. Vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na upepo wa mlimani unakausha kanga kabla hujamaliza kuibana kwenye kamba. Yeye alitoka. Alichungulia kopo ambalo mtaa mzima, pamoja na mbuzi wa mtaa, ulijua ni kavu. Kisha alirudi ndani haraka kama mtu aliyebeba habari, akafungua kauntabuku yake na kuandika: Hakuna.

Nilikuwa mpangaji mpya kwenye chumba chake cha uani nilipomuuliza kwa nini anajisumbua. Hakukasirika. Alinitazama kwa furaha, kana kwamba nimemletea sukari.

"Hakuna ni neno la mtu aliyetoka nje," aliniambia. "Aliyekaa ndani neno lake ni Sijui. Yote mawili ni maneno mazuri, mwanangu. Ubaya ni kuazimana."

Karibu miaka ishirini imepita tangu aniambie hivyo, na muda mwingi maneno hayo yaliniuma, kwa sababu niliwahi kumwandikia Hakuna saba bila kutoka nje hata mara moja. Kitabu chake kizima hakikuwa na uongo mwingine ninaoujua. Nitaeleza ilivyokuwa. Kwanza mjue ni mtu gani niliyemdanganya.

Kauntabuku ile ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mvua, na kila mwisho wa mwezi aliinakili kwenye fomu ya ofisi inayoshughulika na hali ya hewa. Safu ya pili aliipigia mstari mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuipa kichwa: Wengine. Wengine ni wale ambao yeye aliamini wanaishi mahali pengine, kwenye dunia nyingine inayoota jua jingine. Kila siku, akishachungulia kopo, aliinua uso, akaangalia mbingu yote kutoka mlimani mpaka upande wa ziwa, akarudi ndani na kuandika neno moja kwenye safu hiyo: Bado.

Ofisini hawakujua habari za safu ya pili. "Wale wanataka maji tu," alisema, kwa sauti ya kuwahurumia.

Wageni walimwambia kwamba nyota hazionekani asubuhi. Alikuwa na jibu tayari: nyota hazijaenda popote, ni sisi tumewashiwa taa usoni.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alicheka kwa mwili mzima. Akicheka amekaa, kigoda kilisogea. Kicheko kilimpata mahali pabaya: kanisani, msibani, na mara moja kwenye mkutano wa kijiji mtendaji alipotangaza kwamba mvua za mwaka huo zitakuwa za wastani. Aliomba radhi kwa adabu zote, akasimama na kuuliza huo wastani utaanza siku gani, ili aoshe kopo.

Kopo lenyewe alilichunga kuliko wenzake walivyochunga ndama. Alilizungushia uzio wa miiba, na mwavuli haukuruhusiwa kukaribia. Mwavuli, alisema, unaiba maji kabla hayajafika kwenye hesabu. Mwaka mmoja, kiangazi kikali, alikuta maji kwenye chupa ya ndani ya kopo. Alisimama akayatazama, akageuka, akaona shati langu lililolowa limetandazwa juu ya uzio, mkono wake ukidondokea faneli. Sikujua. Nilidhani uzio ni uzio. Hakunigombeza. Aliyapima kwa uangalifu na kuandika: Milimita mbili, za shati.

Vijana wa kilabuni nao walimtegea, wakamwaga pombe ya mtama kwenye faneli, wakajificha waone atafanyaje. Alichungulia, akanusa, akatia kidole akaonja. Akamtaja kwa jina mama aliyeipika, akasema safari hii ameitoa motoni mapema. Wale vijana wakatoka mafichoni wenyewe, wakataka kujua amejuaje.

Sasa niseme jinsi alivyobishana, maana ubishi ndio uliokuwa starehe yake. Mpinzani wake mkubwa alikuwa katekista, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuja kila Jumamosi kunywa chai na kumrudisha shemeji yake kwenye mstari.

Jumamosi moja alipofika, alimkuta ameshamwaga debe zima la mahindi kwenye turubai uani. Alimkaribisha akae, kisha akamwomba kama mkulima amjibu jambo moja.

"Shemeji, mbegu nzuri ya dukani, nikipanda kumi zinaota ngapi?"

Katekista akasema nane, tisa.

"Na mbegu ya zamani iliyoliwa na wadudu?"

Mbili, akasema, au moja, au isiote kabisa.

"Vizuri. Umewahi kumwona mtu amepanda debe zima likaota punje moja? Moja tu, katika debe?"

Katekista alifikiri, akasema hajawahi. Ama shamba linakataa lote, ama linatoa huku na huku.

"Basi," akasema mpima mvua, naye alikuwa ameshaanza kutetemeka kwa kicheko kilichokuwa njiani, "kukataa lote haiwezekani tena, kwa sababu sisi tumeota. Tuko hapa tunakunywa chai. Iliyobaki ni huku na huku. Unaona nyota zilivyo nyingi kuliko debe langu? Na wewe unataka nisadiki imeota punje moja, tena Katesh?"

Katekista alikoroga chai yake muda mrefu. Kisha akatoa jibu ambalo mimi, niliyeishia kidato cha nne, bado naliona kubwa.

"Shemeji, mahindi yasiyoota hayaji kubishana. Hata kama ingeota moja tu katika madebe elfu, hiyo moja ndiyo ingekuwa imekaa hapa ikisema haiwezekani niko peke yangu."

Jumapili, Jumatatu na Jumanne zilipita. Mpima mvua alipika, alichunga kopo, alijibu salamu, lakini ubishi ulikuwa umemtoka. Jumatano asubuhi alinigongea mlango, macho yanang'aa, akaniambia hoja ya shemeji ni nzuri sana na imemshinda. Aliyasema hayo kama mtu aliyeshinda. Kisha akaongeza kwamba hoja ile inamkataza kusema wapo, lakini haimpi katekista ruhusa ya kusema hawapo. "Wote wawili tumebaki na Sijui. Tofauti ni kwamba mimi natoka nje kila siku."

Siku nyingine alijaribu njia ya dini. Bibi yake, kule juu Mbulu, alimwita Mungu Looa, na kwa bibi huyo Looa alikuwa mama. Akamuuliza katekista ni mama gani mwenye shamba kubwa hivyo anayezaa mtoto mmoja akapumzika. Katekista akajibu bila kuinua kichwa kwamba yupo mmoja anayemfahamu, aliyezaa mmoja tu, na ndiye wanayemsalimia kwa sala kila jioni kengele ya kanisa ikilia. Kigoda cha mpima mvua kilisogea mpaka kikagota ukutani.

Msije mkadhani alisadiki kila kitu. Mtu yule aliyewaamini majirani wa nyota nyingine hakuamini utabiri wa redio, wala hadithi za shemeji wa jirani aliyeona joka, wala kipimo cha mtu mwingine yeyote. Aliyeweka hesabu ya mbingu nzima alikuwa hajavuka Babati maishani mwake, wala hakutaka. Mimi niliyezunguka kwa malori ya vitunguu, nikauza chumvi, nikasukuma pampu za mafuta Singida, nikapandisha wazungu mlimani, alinitazama kwa huruma. "Umetembea kote huko hukuchungulia," alikuwa akisema.

Ushahidi kwake ulikuwa ushahidi. Kuna alfajiri moja mtaa ulimjia mbio. Taa zilionekana juu ya mlima Hanang, nyeupe, sita, zikishuka kwa mstari mmoja, polepole, mahali pasipo na njia. Mama, wakamwambia, wageni wako wamefika. Alivaa buti, akatoka, akaangalia. Watu walingoja apige vigelegele. Yeye akaanza kuhesabu kwa sauti. Taa zilitembea hesabu ya mia, zikasimama. Zikatembea mia nyingine, zikasimama.

"Hawa wanapumzika," akasema. "Mtu amevuka anga lote, leo achoke kushuka Hanang?"

Alipanda mwenyewe mpaka ukingoni mwa msitu akiwa na fimbo na chupa ya uji. Huko aliwakuta wazungu watano wenye taa za kufunga kichwani, wamechanika kwa miiba, na mbele yao kiongozi aliyepotea njia, ambaye ni mimi. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kukosea kwa wenzake. Aliwapa uji, akamuuliza kila mmoja ametoka wapi, na siku hiyo kwenye safu ya pili akaandika: Wazungu watano na mpangaji wangu. Si wao. Bado.

Safari yake pekee niliyomshawishi ilikuwa ya ziwa Balangida, kiasi cha kwenda na kurudi siku hiyohiyo, nilipokuwa nikinunua chumvi kwa watu wanaoikwangua. Ziwa lilikuwa limekauka mwaka wa pili. Lilikuwa jeupe, gumu, likiumiza macho, na hewa juu yake ikicheza kama juu ya kikaango. Nilimwambia hapa ndipo mahali palipokufa kuliko pote nilipowahi kukanyaga.

"Umeangalia?" akaniuliza.

Alipiga magoti pembeni ya ziwa, akachimba kwa kijiko tope kavu lililochanganyika na chumvi, akalifunga kwenye pindo la kanga. Nyumbani akaliloweka kwenye mtungi wa kioo kwa maji ya mvua aliyokwisha kuyapima, maana hayo, alisema, yamekwisha kuandikwa. Siku ya kwanza ikawa matope. Siku ya pili matope. Siku ya tano aliniita kwa sauti ambayo nilidhani nyumba inaungua. Ndani ya mtungi kulikuwa na viumbe vidogo, vyembamba kama kope, vinaogelea chali, miguu juu, kwa haraka ya watu waliochelewa sokoni. Walikuwa wamengoja ndani ya chumvi, mayai makavu kama vumbi, miaka yote ile, mpaka mtu awanyweshe.

Alitembea na mtungi ule wiki nzima. Aliupeleka kwa katekista, ambaye aliukubali kwa kuinamisha kichwa. Aliupeleka shuleni. Akaupeleka mnadani, akamwonyesha mzee mmoja wa Kibarabaig kutoka Getanuwas, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, ambaye kila mnada alipita kwake kuuliza mvua.

"Shikamoo, mzee," akasema mpima mvua.

"Marahaba." Mzee aliushika mtungi akauelekeza kwenye jua. Aliangalia muda wa kutosha kununua fahali. "Hawa walikuwa wapi?"

"Kwenye chumvi ya Balangida. Wamelala."

"Na wewe unasema huko juu nako wapo."

"Nasema inawezekana sana, mzee."

Akaangalia tena. "Wana ng'ombe?"

"Sijui."

"Ukijua, niambie. Kama hawana, hakuna haja ya kuwatafuta." Akamrudishia mtungi taratibu. "Na kama wanao, usiwaambie tuna majani."

Watu waliokuwa karibu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mpima mvua naye alicheka, lakini njiani kurudi alikuwa na mawazo. Aliniambia kwamba katika watu wote aliobishana nao, yule mzee ndiye wa kwanza kuuliza swali la maana: wanaishi kwa kutegemea nini. Wengine wote waliuliza kama wana kichwa kikubwa.

Sasa wiki yangu.

Jicho lake la kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho, akakubali hatimaye kwenda hospitali kufanyiwa upasuaji. Angekaa siku saba, apasuliwe, aangaliwe, arudi. Ulikuwa mwezi wa nane. Usiku wa kuamkia safari hakulala kwa ajili ya kopo, siyo kwa ajili ya jicho. Alfajiri alinikabidhi kauntabuku kwa mikono miwili. Tangu aanze kupima, alisema, hakuna siku hata moja iliyoandikwa na mtu ambaye hakutoka. Siku aliyozaa alitoka. Siku aliyomzika mumewe alitoka, wafiwa wakimwangalia. Hicho ndicho kilichompa mdomo wa kubishana na katekista: kila Hakuna yake ilikuwa ya kweli. Ikiingia kitabuni moja ya uongo, aliniambia, zote zinakuwa maneno tu.

Nilimwahidi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na niliahidi kwa moyo wote.

Siku ya kwanza, kabla ya saa tatu, rafiki yangu alipita na pikipiki akielekea Getanuwas kwenye harusi. Nikasema nitakwenda na kurudi jioni. Nani hajui harusi za kule, haziishi kwa siku moja. Nilirudi siku ya saba, jua likielekea kuzama, sauti imekauka kwa kuimba. Niliingia moja kwa moja ndani, nikafungua kitabu na kuandika Hakuna saba, nikibadilisha kalamu katikati ili zisifanane. Na Bado saba pembeni. Niliona si vibaya. Mwezi wa nane. Kila mtu alijua.

Kesho yake alirudi na bandeji, akaivua, akaangalia mtaa kwa jicho jipya, akazunguka uani peke yake muda mrefu akigusa vitu. Aliporudi ndani aliniuliza swali moja.

"Ulitoka kila siku?"

"Nilitoka, mama."

"Haya," akasema, na akanipikia.

Baada ya hapo sikukaa sana Katesh. Nilijiambia ni kazi. Nilirudi mara kwa mara, nikala kwake, nikacheka naye, na kila mara kauntabuku ilikuwa mezani kati yetu, na mimi nikikaa upande ule mwingine.

Kisha mlima ukashuka, tope na mawe ya Hanang juu ya nyumba zetu. Wasomaji wa Manyara hawahitaji niwaeleze tope lile, na watu wa mtaa wetu lililowachukua sitawaandika hapa katikati ya vichekesho. Yeye alipona kwa sababu alikuwa amekwenda Dongobesh kwa mdogo wake, kwenye ubatizo. Uani hakukubaki kitu. Uzio, kopo, koti la mumewe, vitabu vyote vya miaka yote, vilikwenda. Nilipompata kwa simu, siku ya tatu, ndiyo mara pekee niliyosikia sauti yake bila kicheko ndani yake.

"Vitabu vimeondoka," alisema.

Nami, Mungu anisamehe, katikati ya huzuni ile nilisikia kitu kidogo kifuani kikipumua. Vitabu vimeondoka, na Hakuna zangu saba zimeondoka navyo. Hakuna atakayejua. Nilijichukia kwa pumzi ile kuliko nilivyojichukia kwa uongo wenyewe. Nikajua lazima nikamwambie. Hata hivyo ilinichukua zaidi ya mwaka kufika, maana mimi ni mtu wa kwenda kila mahali isipokuwa pale ninapotakiwa.

Nilifika Dongobesh mwaka jana, mwezi wa nane. Kule juu mwezi huo ni baridi na upepo, ngano imevunwa, watu wanatembea wamejifunika mablanketi. Nilimkuta amekaa jikoni kwa mdogo wake karibu na moto, amepungua, miguu imeanza kumkatalia. Mezani palikuwa na kauntabuku mpya. Dirishani niliona uzio mpya wa miiba, na ndani yake dumu la mafuta ya kula lililokatwa shingo, juu yake faneli ya plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtembezi wangu." Alinishika mikono akaipima. "Siku hizi kwenye simu wanasema wameziona dunia nyingine maelfu, zinazunguka majua yao. Maelfu. Mahindi yamemwagwa, mwanangu, kilichobaki ni kujua yapi yameota." Na kigoda kikaanza kusogea.

Nilimwacha acheke mpaka mwisho. Kisha nikasema.

"Mama, ile wiki ya jicho lako."

"Ndiyo."

"Sikutoka. Hata siku moja. Nilikuwa Getanuwas."

Alichochea moto. "Najua," akasema.

Yeye akaniambia polepole, akifurahia kila neno, kwamba alirudi kutoka hospitali na jicho jipya, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa katika dunia hii kilikuwa utando wa buibui. Ulitoka ukingoni mwa faneli mpaka kwenye mti wa uzio, umekamilika, haujakatika hata uzi mmoja, una vumbi la siku nyingi. Huwezi kunyanyua faneli bila kuukata. Akaukata mwenyewe, akanyanyua, akachungulia. Ndani mayai ya buibui yalikuwa yamekwisha kupasuka.

"Vitoto, mwanangu. Vingi kama ufuta. Vinapanda kila upande." Machozi ya kicheko yalikuwa yakimtoka. "Wewe umeniandikia Hakuna mara saba, na ndani ya kopo kuna ukoo mzima."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ileile. Alisema siku ileile alifanya kilichokuwa cha muhimu: alizikata Hakuna zangu na Bado zangu zote kwa kalamu nyekundu, akaandika Haikuangaliwa, mara saba, na kwenye fomu ya ofisi akaandika hivyohivyo. Kitabu kililala na uongo usiku mmoja tu. Miaka yote niliyokaa nikikwepa kile kitabu mezani, kilikuwa safi.

"Na mimi?" nikasema.

"Wewe nilikuandika kwenye safu ya pili."

"Uliniandika nini?"

"Bado," akasema. "Nilisema huyu atakuja aniambie. Sijui lini. Lakini uwezekano niliuona mzuri, na kungoja ni kazi ninayoiweza."

Asubuhi yake saa tatu ilipokaribia alinisukumia buti zake. Zilinibana, nikatoka hivyohivyo. Nilihesabu hatua, kule ni kumi na mbili tu. Nilichunguza ukingo wa faneli pande zote, nikainyanyua, nikachungulia mpaka chini. Nikarudi mlangoni.

"Hakuna, mama."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Haya, andika." Akaniachia niandike, kisha akagonga kidole kwenye safu nyekundu. "Na huku?"

Nikatoka tena. Nilisimama katikati ya uwanja na buti za mwanamke, nikainua uso. Mbingu ya Dongobesh ilikuwa ya buluu tupu, jua usoni, hakuna kitu hata mwewe. Nilianza upande wa mabonde ya ngano, nikaenda taratibu, kama alivyokuwa akifanya. Shingo iliniuma. Mwanamke mmoja aliyepita na jembe begani alisimama, akanisalimu, akauliza kuna nini.

"Natafuta majirani," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama mpima mvua aliyekuwa amejikongoja mpaka mlangoni kwa fimbo, akaweka jembe chini. Naye akainua uso. Tulisimama hivyo watu watatu, midomo wazi, mpaka machozi yakaanza kututoka.

Kisha nikaingia ndani na kuandika: Tumeangalia watatu. Bado.